Nyumba na Vyeti: Maisha ya Marehemu Shukri Salti Hijazin (1948–2023)

Leo Jumanne, tarehe 13 Juni 2023, tunamsindikiza Shukri Salti Hijazin, ambaye wengi wenu mlimwita Abu Raed, yaani Baba Raed. Alikuwa Myordani kwa kuzaliwa, mume wa Mlebanoni kwa miaka arobaini na miwili, na mkazi wa hapa Merrylands, Sydney, kwa muda mrefu kuliko alivyoishi kwao. Alikuwa mpole, mwenye mzaha wa chinichini, na mgumu pale alipoamua kuwa mgumu. Mjane wake ameomba hayo yote yasemwe, hata lile la mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Samakia, Karak, kusini mwa Yordani, akiwa mtoto wa nne wa Salti Hijazin na mkewe Wadha. Baba yake alilima ngano na kufuga mbuzi katika nchi ambayo mvua yake haina ahadi. Shukri alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili ukame ulikaza, mbuzi wakauzwa mmoja mmoja hata wakabaki wawili. Mama yake alimkalisha kizingitini akamwambia, "Mwanangu, shamba hukauka na mbuzi hufa. Kilicho kichwani ukame haukifikii." Neno hilo alilishika maisha yake yote. Lilimpandisha, na baadaye, kama mtakavyosikia, lilimponza.

Alisoma katika shule ya parokia ya kijijini, kisha sekondari mjini Karak, ambako alilala kwa shangazi yake juu ya gunia la dengu kwa kuwa vitanda vilikuwa vya binamu zake. Mwaka 1967 aliingia Chuo Kikuu cha Damascus, na mwaka 1971 akapata shahada ya kemia. Siku aliyorudi kijijini walichinjwa kondoo watatu, wakapikwa kwa maziwa makavu ya mbuzi na kumwagwa juu ya sinia la wali. Cheti chake kilipitishwa mkono kwa mkono na wazee ambao hawakujua kukisoma, kila mmoja akifuta kwanza vidole kwenye kanzu.

Alifundisha kemia mjini Karak kwa miaka mitano. Tarehe 9 Septemba 1976 alifika Sydney akiwa na sanduku moja na cheti chake ndani ya bahasha. Ofisa aliyekiangalia alikisifu kwa maandishi mazuri, akamrudishia. Shukri akapata kazi katika kiwanda cha rangi, chumba cha kuchanganyia, akakaa humo hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1999. Baada ya hapo aliendesha teksi hadi mwaka 2013. Hakulalamika. Cheti alikitundika sebuleni juu ya televisheni, na mgeni akikitazama mno, Shukri alikuwa akisema, "Hicho ndicho kilichonileta. Kurudi nitajitegemea mwenyewe."

Jioni, akitoka kiwandani, alipita kwenye duka la mikate la mzee Habib Naddaf, Mlebanoni wa mji wa Zahle, pale Granville. Kaunta ilisimamiwa na binti wa mzee, Thuraya. Shukri aliishi peke yake katika chumba cha kupanga, lakini kila jioni alinunua mikate kumi. Kaka yake Thuraya, Tannous, aliyekuwa akitoa mikate tanurini, alivumilia mwezi mzima, kisha akamuuliza mbele ya wateja, "We bwana, una wake wangapi?"

"Sina hata mmoja."

"Basi mikate yote hii anakula nani?"

"Wenzangu kiwandani."

"Mwambie dada yangu ukweli, kaka, kabla hujatulishia kiwanda kizima!"

Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 24 Mei 1981. Mungu aliwajalia watoto wawili: Raed, mwaka 1983, na Nisrin, mwaka 1987. Mzee Habib alipofariki, Tannous alihamishia duka hapa Merrylands, mitaa mitatu kutoka nyumbani kwa dada yake.

Waliosali nasi kanisani miaka hiyo wanakumbuka mabishano ya ukumbini kila Jumapili baada ya misa: nani wameendelea zaidi katika nchi hii, Walebanoni au Wayordani? Walebanoni walitangulia, tena kwa wingi. Aliyeshuka leo alimkuta binamu mwenye gereji na mjomba mwenye duka. Kesho yake alikuwa kazini, na baada ya miaka michache alikuwa anajenga. Wayordani walikuja nyuma, wachache, na vyeti visivyotambuliwa. Wakapanga nyumba za watu, na kila walichopata kikaenda kwenye ada. Tannous alikuwa na msemo wake: "Shemeji, sisi tuna nyumba zisizo na vitabu, nyinyi mna vitabu visivyo na nyumba." Na Shukri alikuwa na jibu lake: "Kitabu benki haiji kukinadi."

Mwaka 1996 halmashauri ilimtuma mtafiti kutoka chuo kikuu kulinganisha hali za jamii hizi mbili, ili ijulikane madarasa ya ufundi yafunguliwe kwa nani. Shukri aliombwa kumwongoza na kumtafsiria kwa kuwa alikaribishwa pande zote mbili. Walipita nyumba nyingi. Kwa Mlebanoni mmoja waliandaliwa meza ya sahani kumi na mbili, na Shukri alijua kwamba zote zimekopwa dukani asubuhi ile, kwa maana karakana ya mwenye nyumba ilikuwa imefungwa. Kwa Myordani mmoja walionyeshwa picha za watoto watatu wenye majoho, chai ikaletwa bila sukari, na mama mwenye nyumba akasema daktari amewakataza sukari wote. Walipotoka, mtafiti alimuuliza ni jamii gani yenye hali nzuri. Shukri alimjibu, "Ukimuuliza Mlebanoni anaishije, atakuonyesha nyumba. Ukimuuliza Myordani, atakuonyesha mtoto. Walebanoni wana mali zaidi, sisi tuna vyeo zaidi, na njaa tunaificha sawasawa." Madarasa yalifunguliwa kwa wote.

Aliyeyaona hayo angedhaniwa amepona ugonjwa wa kupima watu. Lakini jambo la wengine ni rahisi. La kwako lina mizizi.

Raed alihitimu udaktari wa meno. Nisrin alikuwa mwaka wa tatu wa ufamasia, mwaka 2008, mjomba wake Tannous alipoumia mgongo na tanuri likakosa mtu. Msichana huyo alikuwa akimsaidia mjomba kila Jumamosi tangu akiwa shule. Aliomba ruhusa chuoni ya muhula mmoja. Muhula ulipokwisha, alimwambia baba yake mezani kwamba harudi. Alisema kazi ile anaiweza na anaipenda, na kwamba akiwa chuoni alikuwa akihesabu saa, akiwa tanurini saa zinamkimbia.

Shukri aliweka kijiko chini. "Nimevuka bahari ili mwanangu akande unga?"

"Baba, mama alikuwa akiuza mkate huohuo ulipomwoa."

"Mama yako hakuwa na nafasi yako."

"Lakini nafasi si ni yangu?"

Shukri alinyanyuka mezani. Na hakumsemesha tena. Nisrin alihamia chumba cha juu ya duka, na nyumbani kwa Shukri ukawa unaliwa mkate wa supamaketi. Pasaka baba na binti walikaa kanisa moja, benchi tofauti. Walipokutana mlangoni, baba alimsalimu mtu aliyekuwa nyuma ya binti. Watu wote waliona. Wayordani walisema ana haki, Walebanoni walisema ana kiburi, na Thuraya katikati hakusema kitu, maana kila upande ulikuwa wake.

Mwaka 2012 Tannous aliamua kumwendea shemeji yake kwa desturi za kwao Shukri. Alimchukua padri na wazee wanne wa Zahle, wakavaa suti, wakaenda kama ujumbe wa kuomba jambo. Sasa, kwa Wayordani, wajumbe wakiletewa kahawa huweka vikombe chini bila kunywa. Msemaji wao hutoa ombi. Mwenye nyumba akikubali husema, "Kunyweni kahawa yenu," na hapo ndipo hunywewa. Tannous alikuwa ameambiwa habari ya suti na habari ya wazee. Habari ya vikombe hakuna aliyemwambia. Na kwao yeye, kuacha kahawa ya mwanamke ipoe ni kumtukana. Thuraya alipoleta sinia, Tannous alipokea cha kwanza, akakinywa hadi machicha, akasema, "Mungu aibariki mikono yako, dada." Padri akanywa. Wazee wakanywa, mmoja akaomba cha pili.

Shukri aliwatazama wote, akatabasamu. "Mmetutembelea vizuri. Karibuni tena."

"Tena?" Tannous akashtuka. "Mbona jambo letu hatujalisema?"

"Mwenye jambo hanywi."

"Abu Raed! Kahawa ya dada yangu niiache ipoe?"

"Hukuiacha. Basi huna haja."

Mmoja wa wazee alicheka hata akashika mbavu, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Tannous alisimama, akachukua kofia yake. "Sirudi," alisema. "Sitakuja mara ya pili kumwombea mtoto wa dada yangu salamu kwa baba yake mwenyewe." Jikoni Thuraya aliosha vikombe saba, akavifuta, akaviosha tena.

Miaka mingi baadaye Shukri alimwambia mkewe, "Siku ile nilijua walichojia. Niliona mlango wa kujifichia, nikaingia." Lakini alikuwa ameshaingia, na kutoka kulihitaji mtu wa kumfungulia kwa nje, na waliokuwa nje aliwafukuza mwenyewe.

Agosti mwaka jana alianza kukonda na kuumwa tumbo. Mwezi Oktoba madaktari waliona saratani ya kongosho. Alivumilia matibabu bila kelele. Mwezi Mei, aliposhindwa kula karibu kila kitu, alimwambia Thuraya kwamba ametamani mkate wa zaatari, wenye majani makavu na ufuta juu yake, ule wa duka lao.

"Duka la nani?" Thuraya akauliza.

"Unalijua."

"Ninalijua. Nenda mwenyewe."

Jumamosi, tarehe 20 Mei, Raed alimpeleka kwa gari, akaegesha ng'ambo ya barabara. Foleni ilifika nje. Shukri alimtambua mhasibu wa Kiyordani wa ukoo wa Haddadin, na wake wa wazee wa Zahle, na watu asiowajua. Akauliza, "Hawa wote wananunua, au wanangoja basi?" Kupitia kioo alimwona Nisrin, unga hadi viwikoni, akigombana na mteja kuhusu mkate ulioungua, mteja akicheka, yeye akicheka, kisha akimpa mwingine juu yake. Raed alifungua mlango wa gari. Baba yake alimshika mkono. "Si leo. Sijanyoa. Wiki ijayo nitashuka."

Wiki iliyofuata hakuweza kushuka kitandani.

Alilazwa tarehe 29 Mei. Siku mbili baadaye, sauti yake ikiwa bado ipo, alimwita Thuraya karibu, akasema anataka kupanga matangazo ya msiba wake. Kwao Yordani, katika matangazo hayo, kila jina la aliyeachwa hutanguliwa na cheo chake: Daktari fulani, Mhandisi fulani, ili watu wajue marehemu alifanya kazi gani duniani. Asiye na cheo hutajwa jina tupu, na mara nyingi hutajwa mwisho.

"Andika Daktari Raed," alisema.

Thuraya akaandika.

"Kisha andika Mwokaji Nisrin."

Thuraya aliinua macho. "Nyuma ya jina?"

"Mbele ya jina. Kama kaka yake."

"Watu wa kwenu watacheka, Shukri."

"Wacheke. Mimi sitawasikia."

Thuraya alipomsihi ampigie binti simu amwambie yeye mwenyewe saa ileile, Shukri alitikisa kichwa. "Nilimnyamazia mbele ya watu. Nitamtaja mbele ya watu. Wayordani wasikie, na Walebanoni wasikie. Wewe usimwambie." Thuraya alimwambia kwamba huo ni ukaidi uleule uliovaa nguo mpya. Alikubali kuwa ni kweli, akasema hana mwingine. Ila akaomba mtoto aitwe aje.

Nisrin alikuwa amekwenda Melbourne kununua tanuri, na wito ulichelewa kumfikia. Alifika hospitali Jumatano, tarehe 7 Juni, na mkate wa zaatari ndani ya kitambaa, ungali na joto la gari. Baba yake alikuwa amelala kwa nguvu ya dawa na hakuamka. Alikaa amemshika mkono hadi wauguzi walipobadilishana zamu. Alimuuliza mama yake, "Alisema kitu juu yangu?" Thuraya alikuwa ametoa ahadi. Alimwambia, "Subiri." Anaomba leo asamehewe neno hilo.

Shukri Salti Hijazin alifariki Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, asubuhi, mkewe na mwanawe Raed wakiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, Thuraya Naddaf Hijazin. Ameacha watoto wawili: Daktari Raed Shukri Hijazin, na Mwokaji Nisrin Shukri Hijazin. Ameacha mkwe, Mfamasia Dima, na wajukuu, Yara na Salti. Ameacha dada, Mwalimu Fadwa, aliyeko Karak, na shemeji, Tannous Naddaf, ambaye amebeba jeneza lake leo upande wa kulia.

Mungu amlaze pema. Nisrin, baba yako amesema.