Viatu vya Mikanda kwa Wakwe

Mwaka 1951, nikiwa juu ya magunia ya ufuta katika lori la kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, nilimsikia abiria mwenzangu, Biasha, akijisifia viatu vyake vipya bapa vya mikanda kwa mwanamke asiyemjua aliyeketi kando yake. "Havichomoki, dada. Mtu mzima mimi, nimechoka kukimbizana na ndara."

"Unavipeleka wapi?"

"Kwa wakwe zangu."

"Mkwe haamkiwi na viatu mguuni! Ukiinama kufungua hiyo mikanda, makalio utamwelekezea nani? Baba mkwe yuko barazani, mama mkwe yuko mlangoni."

Biasha alifikiri sana. "Nitainama kwa ubavu."

"Ubavuni kuna shemeji."

Hata mimi, nisiye na mkwe, nilianza kuyatafutia makalio yale mahali pa heshima.

"Basi vivue humu humu," yule mwanamke akasema.

"Nivivue? Sasa wakwe wataona nini?"

Lori likasimama Ruangwa. Biasha akachungulia, akarudi kukaa. Baba mkwe alikuwa amekuja kumpokea upande wa kulia, mama mkwe upande wa kushoto, na shemeji alikuwa ameshaanza kufungua mlango wa nyuma.