Kipa Aliyepongeza kwa Pole

Baada ya miaka saba ya kazi katika viwanja vyetu vya barafu vya Riyadh na Jeddah, na mingine mingi golini huko kwao Finland, Kocha Kaisu Rautiola anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili 2026. Ningependa kuandika kwamba amechoka na anahitaji kupumzika, kama tunavyozoea kuandika katika jarida hili. Ukweli ni kwamba hataki kwenda. Nyonga zake ndizo zilizokataa. Daktari amemwambia kuwa baada ya upasuaji hatavaa tena viatu vya barafu, na siku aliyoleta habari hiyo alipita moja kwa moja hadi golini, akakaa pale na nguo zake za nyumbani.

Kocha alizaliwa karibu na Oulu, ambako ziwa huganda hadi magari yakapita juu yake. Aliwekwa golini akiwa mdogo kwa sababu kaka zake walihitaji mtu wa kumpigia. Alidaka hadi akafika timu ya taifa ya wanawake ya hoki ya barafu, akapata medali ya shaba ambayo miaka yote hii, ofisini Riyadh, imekuwa ikiwekewa kikombe cha chai. Ukiisifu, anakuuliza kama unataka sukari.

Alikuja kufundisha wasichana ambao wengi wao walikuwa wameona barafu kwenye glasi tu. Leo Riyadh na Jeddah zote zina timu ya wanawake, na makipa wa timu hizo amewalea yeye. Tulipokwenda kufungua uwanja wa Jeddah, alipangiwa hoteli ya baharini. Siku ya pili akahamia mtaa wa Kandara tulikolala sisi wafanyakazi, akisema kule hotelini "mafi watu", yaani hakuna watu kwa Kiarabu cha vibaruani, na akaunguza vidole kwa ugali wetu.

Kiswahili alijifunza kwetu, na hapo ndipo tulipomharibu. Kila kile kisahani cha mpira kinachopigwa kwa magongo kilipomgonga kifuani au begani, Jackton, dereva wetu wa mashine ya kulainisha barafu, alimwambia kutoka pembeni, "Pole, Kocha." Sasa kwa kipa, kugongwa ndiyo kazi yenyewe; kisahani kilichokugonga hakijaingia golini. Kocha akaamini kabisa kwamba pole ni hongera. Msichana akizuia bao, Kocha anagonga gongo lake chini na kumwambia "Pole sana" huku anacheka, na wasichana wa Kisaudi wakalichukua hivyo hivyo. Hatukumsahihisha, maana lilitupendeza mno.

Mwaka juzi mama yangu alifariki kwetu Siaya. Ruhusa yangu ya kusafiri ilichelewa, akazikwa bila mimi. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kwenye kaunta ninayokodishia viatu. "Pole, Truphena." "Pole sana, dadangu." Kocha alisimama kando akisikiliza, uso ukamwiva, kisha akawafokea wote watoke: mtu kafiwa na mama yake, nanyi mnampongeza? Nilicheka huku nalia. Rispah wa usafi ndiye aliyemweleza maana ya neno.

Kocha akazunguka kaunta, akaketi kando yangu, tukapangusa viatu pamoja hadi jioni. Baadaye aliniambia kwamba basi hakuwa amekosea sana, kwa sababu kila kisahani anachozuia kipa kinamuuma. Tangu siku hiyo amelitumia neno lile kwa maana zote mbili.

Wiki iliyopita aliingia golini mara ya mwisho. Wasichana walimpigia taratibu kwa kumhurumia, akakasirika, akataka wapige kweli. Wakapiga, naye akazuia mpaka miguu ikagoma. Jackton alimshika mkono kumtoa kwenye barafu. Mstaafu huambiwa hongera. Tulijaribu, Kocha, lakini halikutoka.

Asante kwa kuwasimamisha mabinti hawa, na kwa kuketi nami siku ile. Nenda ukapone, uishi vizuri na kwa amani. Ziwa lenu likiganda nawe unalitazama tu kutoka dirishani, ujue huku Riyadh kuna watu wanaokukumbuka.

Pole, Kocha Kaisu. Kwa maana yako, na kwa maana yetu.