Mwoga Aliyevaa Koti la Mkaguzi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani na mteja hajaingia, vuta kiti. Leo tunamkumbuka mwoga.

Msishtuke. Neno hilo limetoka kinywani mwa dada yake, mkubwa wake wa ziwa moja. Alipoulizwa marehemu atambulishwe vipi, alijifuta macho akasema, "Semeni ukweli. Mdogo wangu alikuwa mwoga kuliko watu wote waliowahi kulala nyumbani kwetu. Halafu wasimulieni watu alichofanya na huo woga wake."

Basi tusimulie. Marehemu alikuwa mshauri wa kodi. Aliwasaidia wafanyabiashara wadogo: washonaji, vinyozi, maseremala, wenye maduka. Aliwaeleza sheria inataka nini, akawaandalia ritani zao, yaani taarifa za kodi, akawasindikiza wanapoitwa. Wateja walimwita Mkaguzi. Hakuwahi kuwa mkaguzi hata kwa saa moja. Alikuwa mshauri, jina la utani Mkaguzi. Sababu yake inakuja.

Woga wenyewe ulianzia dukani kwa baba. Baba yao aliuza viatu. Mchana mmoja waliingia maofisa wa kodi, watu wa adabu kabisa, wakaanza kuuliza maswali. Marehemu alikuwa mtoto mdogo, amejibanza chini ya kaunta, amekumbatia kiatu kimoja cha kiume. Kutoka pale aliona miguu tu. Miguu ya wageni imetulia. Miguu ya baba inatetemeka mpaka suruali inacheza.

"Baba alikuwa na majibu yote," anasema dada. "Hakuficha kitu. Mdomo ndio uliogoma. Akiulizwa, anameza mate. Akiulizwa tena, anameza mate."

Duka likatiwa kufuli. Baadaye lilifunguliwa, maana kosa halikuonekana. Lakini sauti ya baba haikurudi ilipokuwa. Akawa mtu wa kunong'ona hata akiomba chumvi mezani.

Mtoto yule alikua na kufuli lile tumboni. Pikipiki ikisimama nje, moyo unamruka. Mlango ukigongwa na mtu asiyemjua, anatazama kwanza kwenye pazia. Ungedhani mtu wa namna hiyo angeikimbia kodi kama kumkimbia nyoka. Yeye akaenda kuisomea. Mchana aliuza kwenye duka la dawa, jioni akasoma darasani na watu wazima wenzake wanaosinzia. Alipopata leseni, akapanga chumba juu ya saluni ya kinyozi. Humo aliweka viti viwili: kifupi cha mbao, na kikubwa chenye mikono. Nyuma ya mlango akatundika koti la kijivu la marehemu mume wake.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi. Mteja akiitwa kukaguliwa, lazima kwanza afanye mazoezi. Anakalishwa kwenye kile kifupi. Marehemu anavaa koti, anakaa kwenye kile kikubwa, anashusha sauti mpaka kifuani. Mshonaji mmoja anakumbuka vizuri.

"Cherehani ya tatu ulinunua wapi?" aliulizwa.

"Aa, mwenzangu, si tulikwenda wote? Wewe ndiye uliyempunguzisha bei yule muuzaji!"

"Mimi sikufahamu, mama. Jibu swali."

"Jamani, jana si ulikula kwangu?"

"Nitaandika kwamba umekataa kujibu."

Mshonaji alilia machozi ya kweli. Halafu akajibu. Wiki iliyofuata akajibu mbele ya mkaguzi wa kweli, na anasema yule wa kweli alikuwa mpole kupita kiasi. "Nusura nimwambie akaze kidogo." Hivyo ndivyo jina lilivyopatikana.

Kisha sheria ikabadilika. Aliisikia redioni, amesimama jikoni na kisu mkononi. Tangu siku hiyo, mshauri anayetia sahihi kwenye ritani ya mteja huku akijua ina uongo, atajibu pamoja na mteja. Leseni inakwenda. Faini inakuja. Na jela imetajwa. Binti yake alikuwepo. "Mama alizima redio," anasema, "halafu akaiwasha tena, kama mtu anayetumaini watasema wamekosea."

Ikawa kazi sasa imegeuka. Zamani mteja alikuwa anamwaga yote. Sasa marehemu alinyanyua mkono mapema: "Ngoja! Kabla hujaniambia, fikiria kama unataka nijue." Wengine walicheka. Wengine walihamia kwa washauri wasiouliza maswali. Na woga wake, wasikilizaji, ukapata chumba kipya cha kulala.

Ndipo akaja shemeji yake, mume wa dada. Huyu ana karakana ya useremala, vitanda na makabati. Alikuwa ameitwa kukaguliwa, na ritani ya makato ya mishahara ya mafundi wake ilikuwa bado haijatiwa sahihi. Alikuja na dada, na dada alikuja na chupa ya chai. Kila mtu alikuwa na furaha. Mazoezi ya kifamilia!

Marehemu akavaa koti.

"Mafundi wako unawakata kodi kwenye mshahara?"

"Ndiyo, mheshimiwa," shemeji akajibu, anamkonyeza mkewe.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, bila kukosa."

"Na ukishakata, unaifikisha serikalini?"

Shemeji akaacha kukonyeza, akatazama sakafu. Marehemu alidhani anaigiza. Alifurahi hata, akaona leo amepata mwanafunzi hodari. Akainama mbele, akakaza sauti kama alivyowakazia wote.

"Nimekuuliza. Unaifikisha?"

"Hapana," akasema shemeji. Uso ulikuwa umebadilika. "Nimenunulia randa ya umeme. Nilisema nitarudisha. Sijarudisha."

Chai ilikuwa inamiminwa. Iliendelea kumiminika mpaka ikafurika mezani.

Marehemu akalivua lile koti haraka haraka, kama nguo iliyoshika moto. "Shemeji, nimevua. Sema ulikuwa unatania. Tafadhali sema."

Hakusema. Dada ndiye aliyesema, na maneno yake anayarudia leo bila kujitetea: "Ulisikia ukiwa na koti, mdogo wangu. Hukusikia wewe. Amesikia mkaguzi, na mkaguzi hayupo. Tia sahihi twende nyumbani."

Hapo ndipo pa kusimama. Akitia sahihi, amejua na amesaini, na jela imetajwa, na ana binti ambaye hana baba. Asipotia, shemeji anakwenda mbele ya maofisa bila mtu wa kumsimamia, na karakana ikifungwa, dada yake na mama yao mzee wanakula nini? Hakutia siku ile. Hakukataa pia. Alisema tumbo linamuuma, na lilikuwa linamuuma kweli.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kila pikipiki ilikuwa ya maofisa. Simu ikilia anaigeuza uso chini. Binti anasema mama yake alianza kumwelekeza ufunguo wa akiba uko wapi, na shangazi yupi apigiwe kwanza. "Nilimwambia, mama, unanitisha. Akaniambia, samahani mwanangu, najitisha mwenyewe, wewe umepita tu karibu." Dada akaacha kumsalimia. Akamtumia ujumbe mmoja tu: Baba angekuwa hai angekuona.

Dada alimaanisha kumchoma. Kumbe alimkumbusha. Marehemu akaona tena ile miguu chini ya kaunta. Baba alikuwa na ukweli wote na hakuweza kuutamka. Na huyu shemeji, je? Huyu uongo wake ulikuwa unamkaba vilevile. Wote wawili wanameza mate.

Asubuhi moja akalikunja koti, akalitia kwenye mfuko wa sokoni, akaenda karakana. Mashine zilikuwa zinapiga kelele. Vumbi la mbao hadi kwenye kope. Akamvuta shemeji pembeni, nyuma ya kabati lisilo na milango, akamvalisha yeye koti. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kibao, chini.

"Leo mkaguzi ni wewe," akamwambia. "Mimi ni wewe. Niulize."

"Shemeji, nina kazi."

"Niulize!"

Shemeji akauliza, kwa kunung'unika, maswali yaleyale. Unawakata? Ninawakata. Unaifikisha? Na marehemu, amekaa kwenye kibao, mikono katikati ya magoti, akajibu kwa sauti inayotetemeka: "Sikuifikisha. Nilinunua mashine. Nimekosa, na nimekuja mwenyewe kabla hamjanijia. Naomba nilipe kidogo kidogo."

Shemeji anasema alisimama pale na koti lililombana mabegani, akashindwa swali lililofuata. "Nilikuwa nimebeba maneno hayo miezi na miezi nikidhani hayasemeki. Nikamwambia, kumbe inasemeka?"

"Inasemeka," akajibu. "Ila ritani ya uongo sitatia sahihi. Naogopa, shemeji. Naogopa mno. Andika ya kweli, nitatia hiyo, na nitakwenda na wewe."

Walikwenda kesho yake, kabla ya siku aliyopangiwa kukaguliwa. Sheria ileile iliyomtisha ilikuwa na mlango mdogo: anayejitokeza mwenyewe kabla hajakaguliwa, hata kama ameshaitwa, hupunguziwa adhabu. Kwenye dirisha la ofisi shemeji akaanza, akakwama. Marehemu alikuwa nyuma yake. "Sikumwona," anasema shemeji. "Nilikuwa nasikia bangili zake tu. Zilikuwa zinalia, chiki chiki chiki, kwa jinsi alivyotetemeka. Nikasema moyoni, kama huyu amefika hapa na hali hii, mimi nanyamazia nini?" Akasema yote.

Haikuwa raha. Randa ya umeme iliuzwa. Mafundi walikusanywa, wakaambiwa, na mmoja aliondoka na matusi yake, na alikuwa na haki. Karakana haikufungwa. Lakini dada hakumsalimia mdogo wake kwa muda mrefu sana. Siku aliporudi, alipanda ngazi za juu ya kinyozi na chupa ya chai, akakaa kwenye kile kiti kifupi, akasema, "Haya, niulize." Marehemu akaleta vikombe. Walikunywa chai.

Wasikilizaji wapendwa, ugonjwa ulimkuta mwaka huu. Yeye aliyeogopa hata sindano ya mtoto wa jirani. Walipokuwa wanasubiri majibu ya vipimo, alimtuma dada nyumbani akalete koti.

"Livae," akamwambia. "Kaa pale. Wewe ni daktari. Niambie majibu mabaya."

"Siwezi! Unanitaka nini wewe?"

"Mimi niliwafanyia wote. Na mimi nifanyie."

Dada akavaa. Akashusha sauti. Akasema yale ambayo hakuna ndugu anayetaka kumwambia nduguye. Mara ya kwanza marehemu alimeza mate. Mara ya pili akameza mate. Mara ya tatu akasema, "Nimesikia, daktari. Asante kwa kuniambia kweli. Sasa nisaidie kumwambia binti yangu."

Daktari wa kweli alipokuja, alikuwa kijana, na alikuwa anaikunja na kuikunjua karatasi ya majibu. Marehemu akampigapiga kiganja. "Sema tu, mwanangu. Inasemeka."

Tulimzika wiki iliyopita. Mshauri wa kodi, jina la utani Mkaguzi, mwoga.

Kwa binti, aliyefundishwa ufunguo uko wapi: pole sana, mwanetu, una watu wengi. Kwa dada mtu, kwa shemeji, kwa mama mzee aliyezika mtoto wake, poleni, Mungu awape nguvu. Na kwa wateja wake wote, ambao msimu wa ritani umewakuta bila yeye, poleni.

Lakini mshonaji amesema habari moja tuwafikishie. Koti liko kwake. Jana alimvalia kinyozi, kinyozi akatoa jasho. Kesho linakwenda kwa mwenye duka la dawa. Kisha atakayelihitaji aseme.

Na wewe unayetusikiliza, ambaye moyo unakuruka kila pikipiki ikisimama nje: lipo swali usilotaka kuulizwa. Mtafute leo mtu mmoja anayekupenda. Mkalishe kwenye kiti kikubwa. Mwambie akuulize.