Nilivyowatisha Watoto Wenu na Mionzi

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mchungaji amenipa dakika tano niwaeleze vijana kazi ya kupiga picha za hospitali, hizi eksirei na zingine. Lakini siwezi kuisifu hapa Kyuso kabla sijawaambia nilivyoiharibia jina.

Wengi mnakumbuka mlivyoniombea nikienda chuo. Mwaka wa mwisho nikapelekwa hospitali kujifunza kazi. Sasa, picha ya kifua lazima iwe na herufi ya kuonyesha huu ni upande wa kulia ama wa kushoto. Ni kaherufi kadogo ka chuma, unakabandika kabla ya kupiga. Siku hiyo foleni ilikuwa imefika nje, nikasahau. Badala ya kusema nimesahau, nikaandika upande baadaye kwenye kompyuta, kwa kukisia.

Nilikisia vibaya. Mzee wa watu alikuwa na maji upande mmoja wa kifua, na daktari alikuwa tayari kumtoboa ule upande usio na maji. Bahati ni kwamba alimsikiliza kifua tena, akaacha.

Mwalimu wangu hakunifukuza. Alisema tu niandike barua nieleze kosa. Ndugu zangu, nawaambia, aibu ni kitu kibaya sana. Nilipanda gari nikarudi nyumbani bila kuandika hata neno moja.

Mkaniuliza, "Chuo kimeendaje?" Nikasema mionzi ilikuwa inanimaliza, ati mtu akifanya ile kazi hapati mtoto. Msicheke, mlikubali wote! Mkaniombea tena, na mimi nikaitikia amina. Miaka miwili nikapura ndengu shambani na huo uongo nikiwa nao.

Halafu asubuhi moja mama mmoja wa kanisa hili akaja kwangu amebeba jogoo. Binti yake alikuwa ameitwa chuo kusomea kazi hiyo hiyo.

"Nimekuja kukushukuru," akasema. "Nimemkataza. Ungenyamaza, ningekosa wajukuu."

Nilibaki nimeshika jogoo, sijui nimweke wapi. Nilijichukia. Binti alikuwa amebakisha wiki moja tu ya kujibu chuo, na mama akaniambia hata chakula amekataa.

Nikasema, "Mwaitu, mama yangu, nilidanganya. Ile kazi ina sheria zake. Ukipiga picha unasimama nyuma ya ukuta maalum, na unavaa kipimo cha kuonyesha mionzi imekufikia kiasi gani. Haikunifanya kitu. Nilikosea kazi nikakimbia."

Akaniangalia vile mnunuzi anaangalia ndengu kama zina wadudu.

"Sasa niamini gani? Ya juzi ama ya leo?"

"Ya leo, mwaitu."

"Basi rudi wewe kwanza. Nikikuona umeenda, huyu naye ataenda."

Akachukua jogoo wake akaenda zake.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa mwalimu. Barua niliiandika pale pale. Alinirudisha mwaka mmoja nyuma, na kila darasa jipya likiingia ananisimamisha nilieleze lile kosa mwenyewe. Mara ya kwanza nililia. Binti alijibu chuo siku ya mwisho kabisa. Leo anapiga picha hospitali moja huko Makueni, na mimi niko upande wa Mwingi. Nina mke na watoto wawili, kwa hivyo hayo maneno yaishe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari, na mwalimu aliyenipokea. Na huyo mama, ambaye ameketi hapa na amenikataza kumtaja, asante, mwaitu.

Vijana, kazi hii inataka fizikia, inataka baiolojia, na inataka mtu anayeweza kusema "nimekosea" mgonjwa akiwa bado kitandani. Na mtu akikwambia masomo fulani ni mabaya, muulize kwanza yeye aliyaachia wapi, na kwa nini. Mimi kwa miaka miwili hakuna aliyeniuliza.