Magari 412 na Mguu wa Kushoto

Mjomba anaondoka karakana tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Aliingia tarehe mosi Machi na spana tatu, moja ya kuazima. Anaondoka miaka mitatu kabla ya siku yake ya kustaafu, kwa ombi lake mwenyewe. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa na kuniomba niuchangamshe. Nitajitahidi, ila kuna jambo la miaka tisa ambalo lazima lienee humu.

Sifa ya Mjomba ilianzia kwenye magari ambayo wengine walishayakatia tamaa. Yalikuja magari ya zamani, injini nzima, mwili mzima, ila giaboksi ya otomatiki imekufa na vipuri vyake havipatikani popote. Mafundi wengine walimwambia mwenye gari auze chuma chakavu. Mjomba alisema litoke hilo bokisi, iingie giaboksi ya mkono. Alianza na gari lake mwenyewe, saluni nyeupe iliyokuwa ikinguruma bila kusogea. Alilitoboa sakafu, akalifungia pedali ya tatu, akakata propela, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu, na kuiunga upya. Lilimchukua siku kumi na saba. Baadaye akawa anamaliza gari kwa siku tatu: ya kwanza kushusha, ya pili kupandisha, ya tatu nyaya na majaribio. Nimehesabu kwenye daftari lake mara mbili. Magari 412.

Kazi haikuishia kwenye spana. Wateja wengi hawakuwahi kukanyaga klachi maishani, kwa hiyo Mjomba alikaa nao kiti cha pembeni na kuzunguka nao uani mpaka wajue. Mama mmoja mwalimu alizima gari mara kumi na tisa kabla ya kufika getini, jasho linamtoka. Mjomba, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, akamwambia, "Mwalimu, ikifika ishirini nitakuomba umlete mzazi." Yule mama alicheka mpaka mguu ukalegea, na gari likatoka getini taratibu kama maji. Akajibu kwamba mzazi hana, ila mjomba amempata leo, na hadi leo akija hamwiti jina lingine. Mjomba. Nasi wote tukafuata.

Mimi aliniita Cheche, kwa sababu siku yangu ya kwanza niliunguza stata mbili kabla ya saa sita. Sikuja hapa na cheti. Umeme niliusomea kwenye redio mbovu nyumbani kwa mama. Mjomba ndiye aliyesema niachwe mezani pa nyaya, nikizoea nitafaa. Kila gari lake tangu siku hiyo, nyaya zake zimepita mikononi mwangu.

Sasa nifafanue kidogo, kwa faida ya wageni wetu. Gari la otomatiki haliwaki likiwa kwenye gia. Kuna swichi inayolizuia. Ukitoa giaboksi, swichi nayo inaondoka, na waya zake mbili zinabaki zinaning'inia. Fundi mvivu anaziunganisha, dakika moja, gari linawaka, mteja anashukuru. Mjomba hakukubali. Alitaka swichi mpya ifungwe kwenye pedali ya klachi, ili gari lisiwake mpaka mtu akanyage. Hiyo ni saa moja na nusu. Alikuwa akisema, "Huyu mtu miaka yote amezoea kugeuza ufunguo tu. Mguu wake haujui. Hebu tumsaidie mguu."

Miaka tisa iliyopita, meneja wa wakati ule aliandika kwenye ubao wa ofisi kwamba kila gari litoke kwa siku mbili. Mjomba alipanda ngazi mwenyewe kwenda kusema kwamba siku ya tatu ndiyo inayolinda watu. Akaambiwa wateja wanasubiri. Wiki hiyohiyo, yeye akiwa chini ya gari lingine, meneja alikuja mezani kwangu akanionyesha saa yake. Niliunganisha zile waya mbili. Dakika moja badala ya saa moja na nusu. Nilikuwa na mdomo, nikanyamaza.

Saa tisa mchana mwenye gari akaja kulichukua. Lilikuwa limeegeshwa kwenye gia ya kwanza, kama inavyotakiwa, maana breki ya mkono ilikuwa haijakazwa. Mjomba alikuwa mbele anafunga boneti, nyuma yake meza ya chuma. Mteja akapitisha mkono dirishani asikie kama redio bado inaimba, akageuza ufunguo mpaka mwisho, jinsi alivyozoea miaka yote. Gari likaruka. Goti la kushoto la Mjomba likabaki kati ya bampa na meza.

Ripoti ya ajali ina mistari sita. Wa nne unasema: "Fundi aliliacha gari kwenye gia na kusimama mbele yake bila tahadhari." Hakuna neno hata moja juu ya waya. Hakuna neno juu ya ubao. Mstari huo umekaa kwenye faili lake miaka tisa, yeye ambaye ndiye pekee aliyepanda ngazi kutuonya.

Alilazwa wiki kumi na moja. Siku aliporudi na fimbo yake, kazi ya kwanza aliyoomba ni gari lilelile. Mteja akaitwa. Mjomba akakaa kwenye kigoda, akazifungua waya zangu, akaniangalia, akasema, "Cheche, nishikie taa." Nikamshikia. Saa moja na nusu. Hakuniuliza kitu, wala hakumwambia mtu. Ndiyo maana magari yenye swichi ni 412 kati ya 412.

Ameyajaribu yote mwenyewe barabarani, hata kwa goti lile. Mwaka huu mguu umekataa. Daktari amesema klachi basi. Tulimwambia abaki, sisi tutajaribu magari, yeye asimamie. Alijibu kwamba gari asiloweza kuliendesha hawezi kumwambia mtu liko sawa. Akaandika barua ya kuondoka kwa mistari mitatu. Ile saluni nyeupe, aliyoibadilisha kwa mikono yake, ilikaa nyumbani tangu Januari chini ya turubai, mpaka kijana wake wa pili aliposema anaiazima. Shemeji, mke wake, anasema kila asubuhi Mjomba alikuwa akienda kuifuta vumbi, kisha akirudi ndani.

Kwa hiyo yapo mambo mawili. La kwanza: jana nimeandika maelezo yangu, nimeweka sahihi, na ofisi imeyapokea na kuyagonga muhuri. Mstari wa nne umefutwa. Waya zile niliziunganisha mimi, na Mjomba hakukosea chochote siku ile. Shemeji, na watoto wake mlioketi mstari wa mbele, samahani kwamba mnalisoma leo badala ya miaka tisa iliyopita.

La pili: Mjomba, kijana wako wa pili hakuliazima gari lako. Shemeji alidanganya kwa ombi letu, na amedanganya vizuri sana. Liko uani, nyuma ya stoo. Kutoka magari mawili yaliyokufa tumepata giaboksi moja nzima ya otomatiki, tumeifunga, na pedali ya tatu tumeing'oa. Kazi yote aliyoifanya Mjomba mara 412, tumeifanya mara moja kinyumenyume, na imetutia adabu. Siku ishirini na mbili. Tano zaidi ya zake.

Mjomba, asante kwa meza ya nyaya, na kwa siku ile ya taa. Uende salama, uende utakapo, mguu wa kushoto ukiwa umepumzika. Ufunguo uko kwenye mkoba wa Shemeji. Swichi nimefunga mimi. Nimejaribu kuliwasha likiwa kwenye gia mara arobaini, na mara zote arobaini limekataa.