Mwalimu Adela na Hodi za Jumamosi

Baba Padri, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, walimu, majirani na jamaa mliotoka mbali: shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni Dominika, mdogo wa marehemu, nakaa Katandala mjini. Nimepewa kazi ya kusoma, na wanaonijua wanajua mdomo wangu haujui kunong'ona. Mtanivumilia, maana leo hata yeye wa kunikanya hayupo.

Mwalimu Adela alizaliwa Milepa tarehe 14 Mei 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Zenon na Mama Veneranda, ambao wote wametangulia. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitoka kimya, akawatazama watu, mpaka mkunga akamfinya ndipo akalia. Tulipokua tulimtania kwamba bado anadai lile finyo.

Alisoma shule ya misheni huku juu kwa masista, akapata cheti cha ualimu mwaka 1952. Masista walitamani abaki nao awe mtawa. Alikataa kwa heshima, akasema anapenda mno kelele za watoto. Tangu hapo hadi mwaka huu alifundisha darasa la kwanza, miaka yote hiyo darasa la kwanza tu, na walipotaka kumpandisha aliomba wamwache na wake.

Mwaka 1958 alifunga ndoa na Ndugu Kasimiri, dereva, mtu wa vichekesho. Waliishi vizuri. Mwaka 1960 Kasimiri alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini, akaahidi kurudi kabla ya mavuno ya ulezi. Ulezi ulivunwa, ukapurwa, ukanywewa, Kasimiri hakuonekana wala hakusikika. Hawakujaliwa mtoto. Dada yangu hakuolewa tena, na sahani ya mume wake ilikaa kabatini ikifutwa vumbi kila Jumapili. Mimi ningeivunja.

Katika upweke huo alikosa usingizi, akakonda. Siku moja alienda mjini kununua uzi dukani kwa mama mmoja wa Kihindi aliyeitwa Kantaben. Yule mama akamwangalia, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, wewe napumua kama mtu nakimbizwa na simba. Kaa chini." Akakaa nyuma ya magunia ya chumvi. Hapo ndipo alipoanza kufundishwa yoga. Alifundishwa kuketi mgongo wima, kuvuta pumzi na kuishusha, kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kuridhika, na kufanya kazi bila kudai tunda lake. Alifundishwa pia kulirudia jina la Mungu katika kila analolifanya. Yeye alilirudia kwa rozari yake, na akitwanga, kila pigo la mchi lilikuwa na jina. Paroko wa wakati huo alimwita kumuuliza. Alijibu, "Baba, mama Mhindi amenifundisha kukaa. Ninayekaa naye ni yuleyule wa kanisani." Paroko akamwacha.

Shuleni aliyatumia hayohayo. Kabla ya hesabu, watoto walifumba macho na kupumua pamoja. Mkaguzi mmoja aliingia akakuta watoto themanini wameketi kimya kabisa, akashtuka: "Mwalimu, watoto wamepatwa na nini?" Mtoto mmoja akafumbua jicho moja, akasema, "Shikamoo. Tunasubiri akili zirudi." Mkaguzi alicheka mpaka akaomba maji. Na lile shamba la kijiji, ambako wengine, hata mimi nikija kutembea, tulilima kwa ulimi kuliko kwa jembe, yeye alimaliza sehemu yake na kusaidia ya jirani. Ukimuuliza atapata nini, alisema, "Jembe ni langu, mavuno si yangu." Ndugu Mwenyekiti alimsifu hadharani. Sisi wavivu tulimchukia kidogo.

Kantaben aliondoka nchini na wanawe mwaka 1971. Dada akabaki bila mtu wa kuketi naye. Mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijijini, alipangiwa nyumba katika kijiji chetu hiki cha upande wa Kasense, mstari wa pili. Hapa sasa ndipo penye neno, na sitaliruka. Marehemu hakupenda lirukwe.

Alikuwa na nadhiri ya kufunga ulimi kila Jumamosi, kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Hakusema neno na mtu, aliketi mkekani mlango umerudishwa. Tarehe 12 Julai 1975, jirani yake Silvana alifika mlangoni na mwanawe Beda mgongoni, anaungua kwa surua. Alitaka baiskeli ya mwalimu, mumewe ampeleke mtoto hospitali. Akasema, "Hodi, mwalimu. Shikamoo." Kimya. Akarudia hodi, akarudia shikamoo. Baiskeli ilikuwa ukutani pale pale. Lakini mtu wa kwetu hasemi shida yake wala hachukui kitu kwa mtu ambaye hajamwitikia. Silvana akaondoka kwa miguu. Beda alifia njiani.

Kama baiskeli ingemwokoa, hakuna ajuaye. Lakini kwetu Ufipa salamu isiyoitikiwa si jambo dogo. Asiyekuitikia ana lake moyoni, na mtoto akifa siku hiyohiyo, watu hawahitaji mganga wa kuwaambia nani mchawi.

Dada alienda matangani. Aliulizwa mbele ya watu alikuwa wapi. Angeweza kusema alikuwa kisimani, na mambo yangeisha. Alisema, "Nilikuwa ndani. Nilimsikia. Sikujua mtoto anaumwa, nikanyamaza kwa ajili ya nadhiri yangu. Nimekosa." Jamani! Nilimvuta pembeni, nikamwambia, "We Adela, una wazimu? Uongo mmoja tu ulikushinda?" Akaniambia, "Dominika, nawafundisha watoto wa watu kusema kweli. Nianze lini kuchagua?"

Basi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaribia mlango wake. Watoto walikuja darasani kwa sababu ni sheria, lakini walikatazwa kupokea hata muwa mkononi mwake. Pombe ya ulezi ilipopikwa baada ya kulima, kata ilimpita. Nilimwomba ahamie kwangu Katandala. Alikataa. Alisema deni la salamu halilipwi kwa kukimbia.

Nadhiri ile aliivunja. Aliniambia, "Nilikuwa namtafuta Mungu ndani, naye alikuwa nje anapiga hodi na mtoto mgongoni." Mkeka akausogeza mlangoni, mlango wazi. Akiwa katikati ya sala, mtu akipita na kusalimu hata kwa bahati mbaya, aliitikia. Baiskeli ilikaa nje kwa yeyote, ikaoza kwa kutu. Na kila Jumamosi asubuhi, saa zilezile alizokuwa akinyamaza, alikwenda uani kwa Silvana, akasimama, akasema, "Hodi, mama Beda. Mmeamkaje?" Silvana aliendelea kupepeta. Dada alingoja, kisha akarudi nyumbani. Alifanya hivyo mvua na kiangazi, miaka sita na ushei. Mimi niliwahi kumsindikiza mara moja, nikarudi nalia kwa hasira, yeye akinibembeleza.

Tarehe 19 Januari 1982 alianguka darasani kwa kiharusi. Alilazwa hospitali Sumbawanga, kisha akarudishwa nyumbani, upande mmoja umekufa na ulimi umefungika. Nilihamia kumuuguza. Alielewa yote, lakini neno halikutoka. Jumamosi zikapita, na uani kwa Silvana hakuna aliyepiga hodi.

Jumamosi iliyopita, tarehe 6 Machi, asubuhi, nilisikia mtu mlangoni. "Hodi, mwalimu. Shikamoo." Alikuwa Silvana, amepiga magoti kizingitini. Dada alifumbua macho. Alivuta pumzi ndefu, ileile ya darasani, midomo ikacheza, sauti haikuja. Akavuta tena. Nilitaka kumwitikia mimi, Silvana akaniambia, "Usimjibie, dada. Mimi nilimwacha angoje. Na mimi nitangoja." Akaketi naye mkekani, akamshika ule mkono uliokuwa bado na uhai. Walipumua pamoja. Saa nane mchana mmoja wao aliacha.

Marehemu ameacha mdogo wake Dominika, wapwa zake Modesti na Adolfu, na wanafunzi wa darasa la kwanza wa miaka thelathini, ambao leo nawaona hapa, wengine na mvi. Ameacha mume ambaye hatujui tumwandike upande gani. Ameacha sahani moja.

Silvana, mama Beda, simama nikuone. Ulinikataza nisimjibie, nikakutii. Sasa hana tena mdomo isipokuwa huu wangu usiojua kunong'ona. Shikamoo yako ya mwaka sabini na tano, na ile ya juzi, zote alizisikia.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Bwana amlaze kwa amani, mahali ambapo kila hodi inaitikiwa.