Mkwe Hatazamwi Usoni

Kwenye kivuko kutoka Kamanga niliketi mkabala na mwanamume aliyekuwa akimpeleka hospitali mama mkwe wake, bibi ambaye kiharusi kilimnyang'anya maneno. "Hajalalamika hata kidogo," alimwambia nesi aliyekaa pembeni yao. Atalalamikaje, nikajiuliza, na hasemi? "Mtazame usoni, kaka," nesi akasema. "Akikunja uso au akikaza taya, ujue anaumia." "Mkwe hatazamwi usoni, dada. Kwetu ni mwiko." "Basi mwiko wenu unamtesa." Mwanamume akaligeukia ziwa kwa hasira.

Kivuko kilipogonga gati, bibi alikunja uso, kimya. Kabla nesi hajainuka, yule mwanamume alishavua koti na kumwekea mgongoni, na uso wa bibi ukalainika. "Sijamtazama mimi," alimwambia nesi.